Hewa Itakulilia

Kiswahili ni lugha iliyozaliwa penye joto, na jambo hilo limeacha alama katika msamiati wake. Mtu aliyetulia baada ya hasira tunasema amepoa. Vijana wakiulizana hali hujibizana kwa neno hilo hilo, poa. Hata burudani, neno tunalolitumia kwa ngoma, kwa taarabu na kwa mashairi yetu, limetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu na neno baridi. Kuburudika, kwa asili yake, ni kupata ubaridi. Wazee wetu walipotafuta neno la raha waliliendea baridi, kwa sababu huko ndiko raha ilikokuwa: chini ya mwembe, penye mtungi, barazani jua linapoinama.

Je, lugha ya namna hiyo ikihamia penye theluji, itasema nini? Mimi naishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza, na neno kaskazini lenyewe hunichekesha. Kwetu Tanga kaskazi ni upepo wa majira ya joto, wa Disemba hadi Machi, wakati ambapo mtu hulala mlango wazi. Katika miezi hiyo hiyo mama yangu, ambaye tunaishi naye hapa, huvaa soksi mbili na koti juu ya khanga, na huniuliza kama jua la nchi hii limekwenda safari. Huku hakuna aombaye kupoa. Chai ikipoa ni hasara, chumba kikipoa ni maradhi.

Wapenzi wa lugha, nataka niwasimulie juu ya kazi moja ndogo ya nyumba ya baridi, nayo ni kuitoa hewa iliyonaswa ndani ya vyuma vya kupashia joto. Ni kazi ya dakika tano. Lakini kwetu ilikuja na haja ya maneno, na haja hiyo ilituonyesha jambo juu ya Kiswahili ambalo sikulipata katika kamusi.

Nyumba nyingi za hapa hupashwa joto kwa maji. Boila ya gesi huyapasha moto, pampu huyasukuma ndani ya mabomba, nayo hupita katika vyuma bapa vilivyotundikwa ukutani, mara nyingi chini ya dirisha, kisha hurejea kwenye boila kupashwa upya. Maji ni yale yale, yanazunguka mwaka hadi mwaka. Vyuma hivyo Waswahili wengi wa huku huviita hita. Sina ugomvi na neno hilo, ila ni neno pana mno, kwa kuwa hata kile kidude cha umeme chenye waya mwekundu ni hita. Mimi nimependelea rejeta, na sababu yangu ni ya kilugha. Rejeta tunayo tangu zamani, lakini tunayo mbele ya gari. Kazi yake huko ni kuipoza injini. Ukutani kwangu kazi yake ni kumpasha mtu joto. Mwanzoni utadhani ni kinyume, lakini ukitazama vizuri utaona kitendo ni kimoja: maji ya moto yanaingia ndani ya chuma, yanaikabidhi hewa joto lake, yanatoka yamepungukiwa. Tofauti ni nani aliyekaa upande gani. Dereva anafurahi kwa kuwa joto limeondoka, mama yangu anafurahi kwa kuwa limefika.

Mwezi wa Januari, siku ya Ijumaa, alikuja fundi aliyetumwa na mwenye nyumba kuufanyia mfumo huo matengenezo. Vali mbili zilikuwa zikivuja, na maji yalikuwa yamechafuka. Ikambidi ayamwage maji yote, abadilishe vali, ausafishe mfumo, atie dawa ya kuzuia kutu, kisha aujaze maji mapya. Alimaliza giza limeshaingia, akaenda zake.

Maji mapya huja na mgeni ndani yake. Kila aliyewahi kubandika sufuria jikoni anamjua. Kabla maji hayajachemka, vipovu vidogo hujitokeza ubavuni mwa sufuria: hiyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka katika maji baridi, na sasa joto linaifukuza. Katika sufuria vipovu hupanda juu vikatoweka. Katika mfumo uliofungwa havina pa kwenda. Hupanda mabomba, hukusanyika katika rejeta za juu, na ndani ya kila rejeta hukaa sehemu ya juu kabisa. Pale ilipo hewa maji hayafiki, na pasipofika maji joto halifiki. Kwa hiyo baada ya matengenezo kama hayo hewa hurudi tena na tena kwa siku kadhaa, hata pale fundi alipoitoa kabla ya kuondoka.

Chumba cha mama kiko ghorofani, mwisho wa bomba.

Hapa sina budi kueleza hali ya mama katika nyumba yetu. Kwa majira matatu ya baridi alikuwa mgeni wa vyombo. Mashine ya kufulia ikilia, king'ora cha moshi kikipiga kelele, simu ya mlangoni ikiita, yeye hakunyanyuka. Alikuwa akisema, "Kinaita hicho, njooni mwenye lugha yake." Mwanamke aliyeendesha nyumba ya watu kumi na mmoja, aliyejua jiko la mkaa kwa harufu na mvua kwa goti, alikaa katikati ya vitu ambavyo havikuwa na jina kinywani mwake. Nami niliona jinsi maneno yalivyokuwa yakimpungua. Mtu asiye na la kuliita jambo huacha kulitaja, na asiyelitaja huacha kuliuliza.

Isitoshe, mama ana pumu, na hewa ya baridi humbana kifua. Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta amekaa kitandani na koti lake, dirisha limeganda kwa nje, pumzi yake inaonekana kama moshi. Chetezo kilikuwa pembeni yake, ametia udi, nadhani kwa ajili ya kule kuona kaa la moto. Hakulalamika. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri, "Mwanangu, nikatie tiketi. Nikafe na joto langu."

Ofisi ya mwenye nyumba ingefunguliwa Jumatatu.

Niliweka kiganja juu ya rejeta, kisha nikakishusha. Juu ilikuwa baridi kama jiwe la kisima, chini ilikuwa moto. Hiyo ndiyo alama ya hewa. Ingekuwa kinyume chake, juu moto na chini baridi, ugonjwa ungekuwa tope la kutu lililotuama, na dawa yake ni nyingine. Nilimwita mama naye aguse. Aligusa juu, akagusa chini, akafikiri.

"Mtu akifa hupoa miguu kwanza," akasema. "Hiki kimepoa kichwa. Basi kingali hai."

"Kimeingiwa na hewa, mama. Inabidi itolewe."

"Itolewe vipi? Kwa kuumikwa?"

Nikasimama pale na ufunguo mkononi, nikishangaa. Kwa maana Waingereza, kitendo hiki wanakiita kwa neno lile lile la kutoa damu. Mama hakujua hilo. Aliufikia mfano huo kwa njia yake mwenyewe, kupitia chuku, ile pembe ya kuumikia iliyokuwa ikiwekwa mgongoni mwa mgonjwa ili kuivuta damu mbaya. Pembe hiyo leo wengi wanaijua kwa methali na semi tu, kwamba fulani anapiga chuku, yaani anatia chumvi katika maneno yake. Kwa mama ilikuwa kitu cha kushikwa mkononi, na mgongo wa babu yangu ulikuwa na alama zake.

Mataifa mengine nayo yana mifano yao. Wajerumani husema tu kuondoa hewa, bila urembo wowote. Wafaransa hutumia kitenzi ambacho pia ni cha kumpa mgonjwa dawa ya kuharisha. Katika gereji za kwetu fundi husema anatoa upepo kwenye breki, na huo ni usemi mzuri, kwani gurudumu nalo hujazwa upepo, wala hakuna asiyejua kwamba haukusudiwi upepo wa kusi. Basi tulikuwa na maneno matatu juu ya meza: kuumika, kutoa hewa, kutoa upepo. Mama aliyapima. Kuumika alikukataa mwenyewe, ingawa yeye ndiye aliyekuleta. "Chuku inavuta," alisema. "Hiki wewe unakifungulia tu, kinajitolea chenyewe." Na kweli, hewa iliyo ndani ya rejeta husukumwa na presha ya maji. Haihitaji kuvutwa. Inahitaji mlango.

"Hii ni pumu," akaongeza. "Kina pumu hiki. Kipumzishe."

Nawaombeni mlitazame neno hilo. Pumzi, pumua, pumzika, pumu: sikioni yote ni ya ukoo mmoja. Katika Kiswahili kupumzika si kulala wala si kukaa. Ni kuipata pumzi. Chuma kilichonaswa hewa kifuani hakipumziki, na ukikifungulia kikashusha pumzi, kimepumzika. Sijui lugha nyingine ambayo ingenipa neno hilo bure, likiwa tayari, kutoka kinywani mwa mgonjwa wa pumu aliyekaa kwenye baridi.

Kazi yenyewe tukaifanya hivi. Kwanza nikaizima boila, tukangoja nusu saa rejeta ipoe, ili maji yasituunguze na pampu isivute hewa zaidi. Chetezo nikakitoa nje ya chumba, na udi wake. Hilo si la adabu tu: kutu ikila chuma ndani ya maji yaliyofungwa huweza kuzaa haidrojeni, na haidrojeni ni gesi ya kuwaka. Tukaanza na rejeta za chini, ndipo tukapanda juu, chumba cha mama kikawa cha mwisho. Binti yangu, ambaye husikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, akapewa bakuli alishike. "Njoo, mke mwenzangu," bibi yake akamwambia kwa utani wao, "njoo tuuguze."

Pembeni mwa rejeta, juu kabisa, kuna tundu dogo lenye parafujo ya kichwa cha mraba. Ufunguo wake ni wa shaba, mdogo kuliko kidole gumba. Ukiuzungusha kushoto robo duara tu, hewa huanza kutoka. Parafujo haifunguliwi hadi mwisho, la sivyo itaruka na maji yataifuata. Unatega bakuli, unazungushia kitambaa, unasikiliza.

Sauti yake huanza kama nyoka kwenye majani makavu. Kisha hukatika, hutema tone, huanza tena, hutema mawili. Mjukuu akauliza kwa Kiingereza kwa nini inafanya hivyo, bibi akamjibu kwa neno moja: "Kigugumizi." Nami nikakumbuka kwamba usiku kucha mabomba yalikuwa yakigugumia, kama mtu anywaye maji kwa pupa, na kwamba gugumia na kigugumizi ni maneno yanayosikika kama mtu na mdogo wake. Mtoto akalirudia neno, kigugumizi, akacheka kwa sababu neno lenyewe linajikwaa ulimini. Mwisho maji yakaja moja kwa moja, bila kukatika, yakiwa na rangi nyeusi kidogo na harufu ya chuma. Nikafunga.

Bado kazi ilikuwa moja. Hewa ikitoka, nafasi yake huchukuliwa na maji, na presha ya mfumo mzima hushuka. Nikamwonyesha mama kipimo kilicho chini ya boila: mfumo ukiwa baridi, mshale unatakiwa uwe kati ya 1 na 1.5. Ulikuwa umeshuka chini ya 1.

"Hata hiki kina presha?" akauliza mama, ambaye humeza kidonge chake cha presha kila asubuhi.

"Kina presha, mama. Ila hiki kikishuka ndiyo taabu."

"Basi sisi wawili tungegawana."

Nikafungua kilango cha maji hadi mshale ukapanda, nikakifunga, nikaiwasha boila. Baada ya dakika ishirini mama aliweka kiganja juu ya rejeta, kichwani pake, akakiacha hapo.

Lakini niliwaambieni kwamba hewa hurudi. Nami Jumatatu nilikuwa na zamu ya kazi hadi usiku, mke wangu vilevile, na mtoto shuleni. Maelezo yaliyoachwa na fundi yalikuwa ya Kiingereza. Ningeweza kumwandikia mama orodha kwenye karatasi, lakini mama hakufundishwa mambo ya maisha kwa orodha. Alifundishwa kwa tenzi, zilizoingia kifuani utotoni na hazijatoka. Tunafahamu sote kwamba Mwana Kupona, katika mwaka 1858, alipotaka kumwachia binti yake mafunzo ya nyumba na maisha, alimtungia utenzi. Huko ni mama kumtungia mwana. Siku ile ya Jumapili mwana alikaa na mama wakatunga pamoja, na kusudi letu lilikuwa dogo: rejeta isife kichwa.

Mtambo kwanza upoze
Wala usiharakize
Maji yasikuunguze
Ukapata na udhia.

Ufunguo mkononi
Na bakuli liwe chini
Kitambaa pembezoni
Maji kuyazuilia.

Zungusha kwa taratibu
Robo tu, usiharibu
Kushoto kwa taadabu
Hewa itakulilia.

Sikiza, usikatize
Pumziye imalize
Kisha maji yachomoze
Ndipo utaifungia.

Kipimo ukikumbuke
Mshale usianguke
Ukishuka, maji yake
Kidogo utayatia.

Malenga wataona kwamba si ushairi wa kutundikwa ukutani. Mizani minane imetimia, kina cha mwisho kimeshika, na hayo yanatosha kwa chombo cha kazi. Ila ubeti wa tatu na wa nne nauonea fahari, na fahari hiyo si yangu. Mimi nilikuwa nimependekeza kwamba hewa "itakutokea". Mama akakataa. Alisema kitu kinachotoka na sauti kimelia, na kitu kikilia mbele yako kinakulilia wewe. Kiambishi hicho kimoja, hiyo -li- ya kutendea, kilibadilisha kazi nzima. Hewa itokayo ni jambo la mafundi. Hewa ikuliliayo ina haki ya kusikilizwa. Na kutoka hapo ubeti wa nne ulijileta wenyewe, kwa sababu mama wa watoto wanane anajua kwamba anayelia hakatizwi, huachwa amalize.

Jumanne nilirudi usiku nikakuta bakuli limeoshwa na kuinamishwa jikoni, lina ukungu mweusi kidogo ukingoni. Mama alikuwa amelala bila koti. Binti yangu alinieleza, nusu kwa lugha hii na nusu kwa ile, kwamba bibi alifanya kazi na yeye akaimba, na kwamba hakufika ubeti wa tano kwa sababu alicheka penye "udhia". Sidai kwamba mtoto sasa anazungumza Kiswahili. Nasema anazo beti tano ambazo hakuzipata darasani, na anajua kila neno lake linagusa nini.

Baadaye mama aliuimba utenzi huo katika simu, kwa mahadhi ya tenzi za madrasa, akampelekea shoga yake aliye Leicester. Yule naye akaujibu kwa kuongeza ubeti wa kuzima chetezo, jambo ambalo sisi tulilitenda bila kulitunga. Sasa kuna akina mama kadhaa wa pwani katika miji ya baridi wanaofungua rejeta zao kwa mizani ya nane.

Tuna desturi ya kulalamika kwamba Kiswahili kinapungukiwa istilahi, na ya kungoja wataalamu wakae waamue. Wakae, kazi yao ni njema. Lakini maneno ya nyumba hayakungojwa hivyo hata zamani. Yalitoka kwa mtu aliyekihitaji kitu, amekigusa, amekisikia, akakitafutia mfano katika yale anayoyajua. Mama hakuunda neno jipya hata moja. Kuumika, pumu, kupumzika, kigugumizi, kulilia, presha: yote aliyaleta kutoka nyumbani, yakiwa yametumika kwa mambo mengine, yakakaa mahali pake kama kwamba yalikuwa yakingoja.

Tiketi bado anaitaja kila Januari, nami simlaumu. Udi na kipimo cha presha havishindani na kaskazi. Ila ule usemi wake wa "njooni mwenye lugha yake" sijausikia tena. Ninyi mlio Oslo, Toronto au Hamburg, mlio na mama au bibi chumba cha juu, chuma hicho mnakiitaje? Na kikianza kugugumia usiku, mnasema kina nini?